Mpiga Taipu Aliyerudi Bungeni

Marehemu mama yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Hakikisha, alizaliwa tarehe 9 Mei 1938, mtoto wa tatu wa mwashi na mkunga. Tangu utotoni alikuwa mtu wa wasiwasi. Kila alipotoka, alirudi mlangoni mara tatu kuhakikisha ameufunga.

Alihitimu mafunzo ya uhazili mwaka 1957, na mwaka uliofuata akaajiriwa Bungeni kupiga taipu hotuba za wabunge, wote wanaume.

Aliolewa na baba, fundi cherehani, tarehe 10 Juni 1961. Miaka miwili baadaye, mimba ilipoanza kuonekana, mkuu wa ofisi alimwambia akusanye vitu vyake. Sheria ndivyo ilivyokuwa. Alishuka ngazi hajui ataanzia wapi kumweleza mumewe.

Alipogombea ubunge mwaka 1969 ili aibadili sheria hiyo, alikonda kwa hofu. Karatasi za vitisho zilisukumwa chini ya mlango, na katika kila mkutano aliulizwa nani atawapikia watoto. Siku moja baba alipanda jukwaani, futi ya kupimia bado shingoni.

“Nitapika mimi,” akasema. “Anayetaka kuonja, aje.”

Watu walicheka. Mama alishinda kwa tofauti ya kura sitini na tatu.

Tarehe 3 Novemba 1970, akiwa mwanamke pekee ukumbini, alisimama kutetea muswada wa likizo ya uzazi. Asubuhi hiyo alikuwa ametapika mara mbili. Mbunge mmoja alimkatiza, akamshauri arudi nyumbani akalee watoto. Mama alishika meza kwa mikono yote miwili.

“Mheshimiwa Spika, naogopa,” alisema. “Lakini nilifukuzwa humu humu kwa sababu ya mimba. Naomba anayeandika maneno yangu sasa hivi asije akafukuzwa.”

Msichana aliyekuwa akiandika kumbukumbu aliacha kuandika.

Muswada ulipita kwa tofauti ya kura mbili. Mama hakusherehekea; kwa miaka mingi alihofia wabunge wangeifuta sheria hiyo. Alipostaafu mwaka 1980, wabunge wanawake walikuwa saba.

Moyo ulianza kumsumbua Januari 2016. Hospitalini hakuficha hofu. Alimwomba binti yake mkubwa asimwachie mkono, naye hakumwachia. Alifariki tarehe 2 Machi, saa nne asubuhi.

Baba alimtangulia mwaka 2004. Mama ameacha dada mmoja, mabinti wawili, mwana wa kiume mmoja, wajukuu saba na kitukuu wa wiki sita.

Mungu ampe utulivu alioukosa duniani, na apumzike kwa amani.