Abiria wa Shemeji

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililobanwa ukutani kati ya gereji ya Spana na duka la kinyozi, pamoja na meza ya Shangazi muuza kahawa, ambayo mguu wake mmoja umewekewa kipande cha tairi isiyumbe. Saa tisa alasiri jua hupita nyuma ya ghorofa la jirani, kivuli kikafika kwenye benchi, na wenye benchi lao nao wakafika. Spana hukaa mwisho wa upande wa gereji, ili mteja akija anyanyuke bila kuruka miguu ya watu. Katikati ni Redio, karani mstaafu, ambaye alipostaafu kazi hakustaafu kusema. Upande wa pili ni Wembe, kinyozi, kitana mfukoni hata kama dukani hakuna kichwa. Siku hiyo mbele yao palikuwa na pikipiki nyekundu ya Mita, imesimama kwa stendi ya katikati, imeoshwa, inang'aa. Mita mwenyewe, msoma mita za maji na mume wa dada yake Spana, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameipa pikipiki mgongo. Hapo ndipo benchi lilipojua kuna jambo. Mwenye pikipiki hakai akaipa pikipiki yake mgongo.

— Shemeji, nimemaliza, alisema Spana akijifuta grisi. Breki nimekaza, mnyororo nimeutia oili. Chukua chombo chako.

— Kiache hapo hapo.

— Mpaka lini?

— Mpaka apatikane mtu wa kukichukua.

Shangazi alikuwa anamimina. Birika likasimama hewani.

— Akichukue nani? Wembe aliuliza. Si hii unayoipiga mswaki kila Jumapili? Si hii uliyoifunika shuka la harusi, mkeo akakununia wiki nzima?

— Ni hiyo hiyo.

— Sasa?

Mita alizungusha kikombe mkononi, hakunywa.

— Kuna mtu anapanda.

— Anapanda wapi?

— Nyuma yangu.

Redio alicheka kidogo, akatafuta wa kucheka naye, hakumpata. Mita hakuwa mtu wa vichekesho. Kazi yake ilikuwa kuinama kwenye mashimo ya maji ya watu, kufuta vumbi kwenye kioo, kusoma kilichopo na kuandika kilichopo. Hata akisimulia mpira alikuwa anasimulia hivyo hivyo.

— Jumatatu, alisema, nimepita kwa yule mama wa mkaa. Akanipigia kelele kutoka kwenye magunia yake: "We baba! Mwambie huyo uliyempakia ashike, ataanguka!" Nikampungia mkono. Nikadhani ananitania. Jumanne nimeegesha kwenye nyumba moja, nimeingia kusoma mita, natoka, nakuta vikanyagio vya nyuma vimeshushwa. Vyote viwili. Nikavikunja. Nyumba ya pili, natoka, vimeshushwa.

— Springi zake zimechoka, alisema Wembe. Si ndiyo, Spana?

Spana alizidi kujifuta grisi. Springi alikuwa amezikagua asubuhi ile ile, ngumu kama mpya. Ilibidi atumie koleo kuvishusha vikanyagio.

— Jumatano, Mita aliendelea, trafiki kanisimamisha pale kwenye mzunguko. Kachukua leseni, kaisoma, kaniuliza, "Abiria wako kofia yake iko wapi?" Nikamwuliza, abiria yupi, afande? Akatazama nyuma yangu. Akatazama leseni. Akatazama tena nyuma yangu. Halafu akanirudishia leseni kwa mikono miwili, nyinyi mmewahi kuona wapi, trafiki na mikono miwili? Akaniambia, "Nenda, mzee. Nenda pole pole."

— Na nyumbani? aliuliza Shangazi. Mkeo kaona nini?

— Alhamisi nimefika, kanitolea maji kama kawaida. Sinia lina glasi mbili. Kaniuliza, "Mgeni wako ameingia chooni?"

Barabarani lori la mchanga lilipita, vumbi likatulia juu ya vikombe. Hakuna aliyekifunika cha kwake kwa mkono.

— Hayo yote ningeyavumilia, alisema Mita. Lakini leo asubuhi nampeleka mtoto shule. Nimewasha, nimekaa, namwambia panda, mama, tunachelewa. Kasimama tu na begi lake, anatazama kiti. Kisha kaniuliza, "Baba, nikae wapi?"

— Ukamwambia nini?

— Nilizima. Tukaenda kwa miguu. Nikarudi, nikaikokota mpaka hapa kwa shemeji, nikamwambia aiangalie yote, msumari kwa msumari.

Kisha, kwa kuwa benchi lile halijazoea kimya, Wembe alikohoa akaanza.

— Mimi naona ni begi. Lile begi lako la madaftari ya kazi. Unalifunga nyuma, linasimama wima. Mtu akitazama kwa mbali anaona mgongo wa mtu.

— Begi linashusha vikanyagio?

— Basi siyo begi.

— Ni mwendo, alisema Redio, akijiweka sawa kama anayeanza kuhutubia. Nisikilizeni. Mtu akienda kwa kasi, mwili unatangulia, lakini sura yake inabaki nyuma kidogo. Macho ya watu ndiyo yanayochelewa. Wanamwona Mita wa sasa, na nyuma yake wanamwona Mita wa nusu dakika iliyopita.

— Mita haendi kasi, alisema Shangazi. Juzi kapitwa na mtu wa baiskeli aliyebeba godoro.

— Hata kasi ndogo.

— Mama wa mkaa angemjua Mita, bwana, Wembe alipinga. Alisema mwambie huyo ashike. Huyo. Mtu mwingine.

— Vyombo vinazoea, alisema Shangazi polepole. Birika langu hili, siku nisipolitumia linalia lenyewe jikoni. Pikipiki imebeba watu wangapi? Kiti kinajua uzito wa mtu. Labda kimemkumbuka mmoja.

— Kimemkumbuka nani? Nimeinunua mpya mimi, sanduku limefunguliwa mbele yangu. Nyuma hajakaa mtu zaidi ya mke wangu na mtoto wangu.

Wembe alitoa kitana, akakitazama meno yake.

— Basi hajapanda bado.

— Nani?

— Huyo. Nyinyi wote mnamtafuta aliyepita. Je, kama ni wa baadaye? Kuna mtu utakuja kumbeba, mwezi ujao, mwaka ujao, sijui. Safari yenyewe ni kubwa, nzito. Amekuja mapema. Amewahi kituoni.

Spana aliinama. Akajifanya anatafuta spana namba kumi chini ya benchi, ingawa ilikuwa mfukoni mwake.

— Au, alisema Redio, na sauti yake ilikuwa imeshuka, hata yeye mwenyewe hakupenda alichokuwa anakisema, au tumekosea tangu mwanzo. Mita, unajuaje kwamba anayepanda nyuma ni yeye? Trafiki kaona wawili. Mkeo kaona wawili. Umejuaje kwamba wewe ndiye mwenye kushika usukani?

— Redio! Shangazi alimkaripia. Koma!

— Nauliza tu.

Lakini lilikuwa limeshatoka. Mita alitazama viganja vyake, akavigeuza, akavigeuza tena, kama mtu aliyeazimwa mikono.

— Mkubwa wangu kazini kaniambia nipumzike, alisema. Nilimweleza. Kaniambia jua limenipiga kichwani. Mke wangu naye usiku halali, ananitazama. Anataka niende kwa daktari wa kichwa. Labda ni kweli, jamani. Labda mama wa mkaa hakusema kitu. Labda hata trafiki hakunisimamisha. Mtu akiugua kichwa, anajuaje?

— Ndiyo hivyo, alisema Redio haraka, akishika njia rahisi iliyofunguka. Ni uchovu. Nenda hospitali, upewe vidonge, ulale siku tatu. Sisi tutakuja kukuona. Au vipi, Wembe?

— Uchovu, naam.

— Shangazi?

— Mwili una hila zake, alisema Shangazi, bila kumtazama Mita.

Wakamgeukia Spana. Ndiye ndugu wa karibu, na ndiye aliyekuwa na pikipiki mkononi tangu asubuhi. Neno lake lingekuwa muhuri. Akisema uchovu, dada yake angelala usiku ule akijua mumewe ni mgonjwa, na Mita angemeza vidonge vya ugonjwa asio nao, siku baada ya siku, mpaka labda augue kweli. Spana aliyaona yote hayo. Aliona pia namna watakavyomtazama yeye, fundi, mtu wa nati na bolti, akifungua mdomo. Alikuwa amekaa na neno hilo tangu saa nne, limemkwama kama mwiba wa samaki.

— Shemeji siyo mgonjwa, alisema.

— Unasemaje?

— Nimeijaribu asubuhi. Baada ya kukaza breki. Nimeitoa mpaka kona ya shule na kurudi, mwenyewe, kiti cha nyuma hakina hata kitambaa. Kwenda, hakuna kitu. Kurudi, nimefika kwenye lile tuta kubwa. Nililivuka vibaya, tairi la nyuma likaruka. Nikashikwa hapa.

Alijishika kiunoni, upande wa kushoto.

— Umeshikwa vipi?

— Kama anavyokushika mtu asiyezoea pikipiki. Siyo kwa nguvu. Alikamata shati, kisha akaliachia, kama aliyeona haya.

Akageuka, akawaonyesha. Shati la kazi la Spana lilikuwa gumu kwa oili na jasho, halikunjiki ovyo. Kiunoni palikuwa na mikunjo minne iliyokaa pamoja, na wa tano peke yake.

Wembe alinyoosha kidole aiguse, akakirudisha.

Mita ndiye aliyefanya jambo ambalo Spana hakulitarajia. Aliinua mkono akajifunika uso, mabega yakatikisika, na ilichukua muda kabla ya Spana kufahamu kwamba shemeji yake alikuwa analia kwa nafuu.

— Kwa nini hukuniambia?

— Niliogopa, shemeji. Nisamehe.

Ikawa hivyo, wote wameinama, wakati mwanamke mmoja alipofika. Alikuwa mshonaji aliyehamia chumba cha juu ya duka la kinyozi wiki ile, cherehani yake bado iko ngazini. Alikuwa amesimama kwenye meza ya kahawa muda kidogo, akisubiri nafasi ya kuingilia mazungumzo ya watu kwa adabu.

— Hamjambo? Samahani, nimekuja kupata kikombe kimoja.

— Karibu, mwanangu, alisema Shangazi, akitafuta kikombe kisafi.

— Nimesikia kidogo, siyo kwamba nilikuwa napeleleza. Mnamzungumzia abiria wa huyu kaka?

— Ndiyo, alisema Redio, kwa uangalifu.

— Tangu Jumatatu anapanda?

— Tangu Jumatatu.

— Masikini. Mwanamke alipuliza kahawa yake. Anakwenda wapi?

Redio akamtazama Wembe. Wembe akamtazama Shangazi, Shangazi akamtazama Spana. Siku tano za hofu, saa nzima ya maelezo, sura zilizobaki nyuma na watu waliowahi kituoni, na hakuna hata mmoja aliyeuliza neno ambalo mwenye pikipiki yeyote humwuliza mtu kabla hajakaa sawa.

Mita aliinuka kutoka kwenye ndoo. Kwa mara ya kwanza alasiri ile akageuka kuitazama pikipiki yake. Akaichukua kofia yake, akavaa, akaisukuma pikipiki mpaka ukingoni mwa barabara.

— Shemeji, Spana aliita. Niende nawe?

— Utakaa wapi?

Akawasha. Akasogea mbele, magoti yakabana tanki, kama anavyokaa mtu anayempa mwenzake nafasi. Akainua kioo cha kofia, akageuza shingo nusu.

— Haya, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Unakwenda wapi?

Injini iliunguruma pale pale. Wembe alikuwa ameukamata mkono wa Redio, na Redio alikuwa amenyamaza, kweli kweli amenyamaza. Mita akainamisha kichwa pembeni.

— Sema kwa nguvu kidogo, injini inapiga kelele.

Akangoja. Akaitikia kwa kichwa.

— Aa. Napajua.

Taa ya kushoto ikaanza kuwaka na kuzima. Nyumbani kwake ni kulia. Akaingia barabarani taratibu, akaacha gari dogo lipite, akaenda, na benchi zima likabaki limesimama kumtazama mpaka rangi nyekundu ikamezwa na kona.

Alirudi jua bado lipo, matairi yana udongo mweusi ambao mtaani kwao haupo. Aliegesha, akavua kofia, akakaa kwenye benchi badala ya ndoo, na akanywa kahawa iliyopoa aliyoiacha.

— Umemfikisha? aliuliza Spana.

— Nimemfikisha.

— Wapi?

— Kaniomba nisiseme.

Shangazi alishika kifua. Wembe alitaka kuuliza ni mwanamume au mwanamke, ni mzee au kijana, lakini maneno yaligombana mdomoni mwake, na Spana akamtangulia.

— Hakusema kingine?

— Kasema asante. Kashuka vizuri, hakuchafua kiti. Mita alifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Halafu kauliza kama Jumatatu nitapita.

— Ukamjibu nini, shemeji?

— Nimemwambia asubuhi siwezi, nina mtoto. Aje mchana.