Profesa Aliyefariki Kwenye Benchi, Akiwa Kazini

Mpendwa wetu alizaliwa tarehe 3 Februari 1956, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi cherehani na mkunga. Alianza shule ya msingi mwaka 1963, akamaliza sekondari akiwa wa kwanza darasani. Mwaka 1989 alipata shahada ya uzamivu kwa utafiti kuhusu mamlaka katika maisha ya kila siku: nani husikilizwa, nani hungojeshwa, na kwa nini wengi hukubali.

Alifundisha sosholojia ya siasa kuanzia mwaka 1984 hadi alipostaafu mwaka 2016. Wanafunzi walitarajia habari za marais na mabunge. Yeye akawapeleka kwenye vyumba vya kusubiri. "Mamlaka hayakai ikulu tu," aliwaambia. "Yanakaa pia kwa yule anayekuambia rudi kesho." Mwenyewe alikaa kwenye benchi na daftari, akiandika nani kaingia na nani kaitwa. Hakutaka upendeleo. Karani wa mapokezi wa ofisi ya ardhi anakumbuka: "Nikimwambia, 'Prof, wewe ni mtu mzima, pita basi,' ananijibu, 'Niache, mwanangu. Nikipita tu, utafiti umeharibika.'"

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na mwalimu wa sekondari aliyekutana naye maktaba. Mwalimu huyo alipomuuliza anasomea nini, mpendwa wetu alijibu, "Nasomea kwa nini unaogopa kumwomba mkutubi kitabu cha pili."

"Siogopi. Nina adabu."

"Basi hiyo hiyo ndiyo mada yangu."

Hakuugua. Alikuwa na shinikizo la damu, na dawa alizimeza kila asubuhi mbele ya mkewe. Jumanne, tarehe 12 Septemba 2023, alikunywa chai, akalalamikia kola ya shati, akatoka saa mbili kwenda kwenye benchi lake la ofisi ya ardhi. Saa nane na nusu simu ikalia. Shati la Jumatano bado limetundikwa mlangoni, limepigwa pasi.

Daktari alieleza kwamba moyo ulisimama kabla ya saa tano. Watu waliendelea kuitwa pembeni yake. Wawili walitaka kumwamsha, mlinzi akawazuia: "Muacheni Prof, yuko kazini." Aligunduliwa saa nane, mfagiaji alipomwomba anyanyue miguu.

Yamesemwa mengi tangu siku hiyo: kwamba alikwenda kuombaomba kiwanja, kwamba watu wake walimtelekeza. Si kweli, na familia inaomba maneno hayo yaishie hapa. Alikuwa na nyumba yake na watu wake. Pale alikuwa akimalizia sura ya mwisho ya kitabu chake. Na wafanyakazi wale hawakumdharau, walimtii.

Juzi mlinzi alifika nyumbani, akakataa kiti.

"Mama, mimi ndiye niliyewakataza."

"Kaa, baba," mjane alimwambia. "Miaka thelathini na sita nimekuwa nikiwakataza watoto wasimsumbue. Ningekuwepo pale, hata mimi ningewakataza."

Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu watano, dada wawili na mdogo wake wa kiume, anayewasomea haya. Mungu ampokee na ampe pumziko la amani.