Kocha wa Mvua na Filimbi ya Dubow

Benchi letu lilikuwa ubavu wa lori kabla lori lenyewe halijapinduka njia ya Balambala. Sasa limepigiliwa juu ya matairi mawili nyuma ya soko la mbuzi, chini ya turubai la Muslimo, mama muuza kahawa. Ukiinuka ghafla upande mmoja, aliye upande wa pili anaanguka. Siku ile hakuna aliyetulia juu yake. Upepo ulikuwa unamwaga vumbi vikombeni, na sisi, kamati ya timu ya Tana Kavu, tulikuwa na kazi moja tu: kuamua kabla ya sala ya alasiri kama Dubow abaki kuwa kocha au arudishe filimbi. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo neno lolote lingetoka kwa mdomo wangu, naye Dubow ni jirani yangu ukuta kwa ukuta. Badala ya kuamua, wenzangu wakaanza kuwapanga makocha wakubwa wa kwenye filamu, nani wa kwanza, nani wa pili, ati tupate kipimo cha kumpimia Dubow.

Aliyeanza ni mzee Kulow. Tunamwita Refa kwa sababu zamani aliwahi kushika kibendera cha pembeni, mechi moja tu, na mpaka leo hajakishusha.

Refa: Namba moja ni Kocha wa Mvua. Hakuna mjadala. Yule mtu alitoa vijana nje alfajiri, mvua ya mawe, akawapigisha magoti kwenye tope. Akawaambia, "Miili imelowa, lakini roho zenu bado kavu!" Mimi nililia. Wallahi nililia, na hata kwa mazishi silii.

Mimi: Hiyo ndiyo ile ya Ijumaa?

Refa: Ile ya Ijumaa. Si tulikuwa wote?

Dheere: Buda, mvua Garissa utaitoa wapi? Dubow akingoja mvua ndio atoe hotuba, hao vijana watakuwa na wajukuu.

Dheere anaendesha bodaboda, na ni mrefu hivi kwamba akikaa juu ya pikipiki magoti yanafika kwenye masikio. Alikuwa ameiwasha na kuizima mara kadhaa, kama mtu anayetaka kuondoka asijue aende wapi.

Dheere: Mimi namba moja ni yule mama wa barafu. Manze, wanacheza juu ya barafu na viatu vya visu! Jamaa anang'oka meno, damu mpaka kwa shati, mama anamwangalia tu hivi. Hasemi kitu. Jamaa anarudi uwanjani mwenyewe.

Mimi: Dubow pia hasemi kitu.

Dheere: Dubow hasemi kwa sababu hana la kusema. Yule mama ananyamaza kwa nguvu.

Muslimo: Haye. Leo nimesikia mengi.

Olow: Nyote mmekosea. Kocha ni yule kipofu wa ngumi.

Huyu Olow tunamwita Jenereta. Ndiye mwenye banda la filamu la mabati pale mbele. Anafungua baada ya alasiri na kufunga magharibi, na kila kocha tuliyemjadili siku ile alikuwa ametoka kwenye picha za ukutani kwake.

Olow: Yule kipofu anasikia ngumi ikiwa bado njiani. Anamwambia kijana, "Hiyo ya kushoto umeituma na hasira, irudishe." Na kijana anairudisha!

Refa: Ngumi inarudishwaje, warya?

Olow: Ndio maana yeye ni kocha na wewe uko kwa benchi. Mtu kama huyo ukimleta hapa sokoni, hata ngamia mgonjwa atamjua kwa kusikia pumzi. Madaktari wa mifugo watakosa kazi.

Dheere: Na yule mama ukimsimamisha kwa daraja, mto Tana utaacha kufurika. Akiangalia tu.

Refa: Nyinyi mnacheza. Mimi nawaambia jambo kubwa. Kocha wa Mvua ni Msomali.

Dheere: Toka hapa!

Refa: Angalia mikono yake akiongea. Angalia anavyokataa kukaa. Kuna mzungu anaongea hivyo? Baba yake alitoka Banissa na ngamia, akafika kwa bahari, akapanda meli. Hiyo iko wazi kabisa.

Mimi: Adeer, kila mtu mashuhuri ni lazima atoke kwenu Banissa?

Refa: Si lazima. Inatokea tu.

Nikaangalia njia ya msikitini. Dubow alikuwa hajatokea bado kuja kusikia uamuzi. Ule uwanja wetu wa mpira ulikuwa msitu wa miiba kabla yeye hajaukata kwa panga lake. Goti lake liliharibika akiwa kijana na hakucheza tena, na tangu hapo maisha yake ni kuchomelea milango mchana na kufundisha Tana Kavu jioni. Hana mke, hana ngamia. Ukimnyang'anya ile filimbi, jioni zake hazina pa kwenda. Nilikuwa namhurumia, na nilikuwa nawakasirikia hawa wanaopiga domo huku wakijua hivyo.

Mimi: Jamani, tuamue. Abaki au aende?

Refa: Aende. Sare tatu mfululizo. Na Ijumaa mlimuona wenyewe wakati wa mapumziko. Tumefungwa mbili bila, yeye anagawa maji! Anamwuliza golikipa kama kiatu kinambana. Hiyo ni hotuba?

Dheere: Hiyo ni noma. Yule mama wa barafu angeshika huo mtungi aupasue.

Olow: Kipindi cha pili vijana wakajirudishia wenyewe, mbili mbili. Yeye hana mkono hapo.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mgeni, Keynan, dereva wa lori la tikiti maji kutoka Balambala. Tairi lake lilikuwa linazibwa pancha kwa jirani. Alikuwa akinywa kahawa yake, akigeuza shingo kwa kila anayeongea. Sasa akaweka kikombe chini.

Keynan: Samahani wazee. Nimependa sana huyo Kocha wa Mvua. Mwishoni alishinda?

Refa: Nani?

Keynan: Huyo kocha. Ile fainali yao. Alishinda?

Refa akavuta tasbihi yake punje kadhaa kwa haraka. Dheere akamwangalia Olow, nami nikamwangalia Olow.

Olow: Walikuwa wanaingia uwanjani. Adhana ikatoka.

Keynan: Halafu?

Olow: Nikazima. Mimi sichezi na adhana.

Keynan: Sawa. Na yule mama wa barafu?

Dheere: Alishinda. Yaani... ilikuwa dakika za mwisho. Alikuwa anaangalia saa.

Keynan: Na kipofu?

Olow: Kengele ya mwisho ilikuwa bado.

Muslimo: Na kesho yake hamwendelezi?

Olow: Abaayo, kesho yake naweka nyingine. Nikiendeleza ya jana, wa jana watataka kuingia bure.

Muslimo akacheka mpaka akashika turubai. Miaka yote hii, hatukuwa na kocha hata mmoja tuliyemwona akimaliza mechi. Refa akasema si lazima mtu aone mwisho kujua ukubwa wa mtu. Dheere akasema kweli kabisa, kisha akaiwasha pikipiki, akaizima.

Hapo ndipo Dubow alipotokea. Alikuja akichechemea, gunia la mipira begani, filimbi mkononi, si shingoni. Akasalimia mmoja mmoja, mgeni pia. Akaliweka gunia chini na filimbi juu ya benchi, mbele yangu.

Dubow: Katibu, mmeamuaje? Mkisema nibaki, nitabaki. Mkisema hapana, vitu vyenu hivi hapa.

Mkono wake ulibaki karibu na ile filimbi. Nikainamia lile gunia, nikajifanya nahesabu mipira. Refa akaniokoa, au alidhani ananiokoa.

Refa: Dubow, wewe ni mtu mzuri. Lakini kocha lazima aongee. Ijumaa umegawa maji tu.

Dubow: Mapumziko niligawa maji, adeer. Walikuwa na kiu. Kuongea niliongea kipindi cha pili, tulipopata bao la kwanza na vijana wakaanza kuogopa.

Refa: Uliwaambia nini?

Dubow: Si ulikuwapo?

Keynan akatuangalia sote, mmoja baada ya mwingine, na wala hakuwa na nia mbaya.

Keynan: Kwani nyinyi mlikuwa wapi?

Tulikuwa kwa Olow. Wakati wa mapumziko Olow alipita pembeni ya uwanja akinong'ona kwamba ana filamu mpya, ya kocha hatari sana, na kamati nzima, mimi nikiwemo, tukainuka tukaiacha timu yetu ikiwa imefungwa mbili bila. Niliona aibu, na niliona Dubow akiiona. Muslimo akainamisha birika juu ya kikombe cha Refa. Likatoa tone moja na mashapo.

Muslimo: Kahawa imeisha. Mjibuni mtu.

Adhana ya alasiri ikaanza. Olow akapapasa funguo za banda kwa mazoea, akazitoa, akazirudisha mfukoni. Nikaichukua ile filimbi, nikampa Dubow mkononi.

Mimi: Leo mazoezi ni saa ngapi?

Dubow: Tukitoka kusali.

Akaivaa shingoni, akageuka kwenda msikitini. Dheere akalibeba gunia bila kuambiwa. Refa akamfuata mbiombio, akimvuta mkono wa shati.

Refa: Dubow, walaal, niambie tu. Uliwaambia nini wale vijana?

Dubow: Ijumaa njoo, ukae.