Guylain Mbayo, Aliyemkalisha Mtu Juu ya Joka

Mpendwa wetu Guylain Mbayo alizaliwa Kamina tarehe 14 Machi 1993, mtoto wa kwanza wa Papa Mulumba, dereva wa treni, na Mama Suzanne Masengo. Alizaliwa na ugonjwa wa seli mundu, na daktari mmoja akawaambia wazazi wasitegemee kumwona akiwa mtu mzima. Guylain alimpuuza kabisa.

Alisoma hapahapa Kamina, mara darasani, mara kitandani akichora, hadi akapata diploma mwaka 2012. Kisha akafungua kibanda karibu na gare, stesheni ya treni, akitengeneza kompyuta na kuchapa kadi za harusi na za misiba.

Penzi lake lilikuwa mchezo wa vita wa kompyuta ambao wachezaji wanaruhusiwa kuuongezea majeshi yao. Yeye aliongeza majoka na wapandaji wao: kambi ya Kisale, yenye jina la ziwa letu, inayovua samaki kutoka angani, na kambi ya Reli. Majoka ya Reli hayakuweza kugeuka angani. Ilibidi yarudi stesheni, yageuzwe na kubadilishiwa wapandaji. Kwa mtoto wa dereva wa treni, hilo halikuwa na ajabu. Papa Mulumba alicheka mpaka akakohoa: "Nyoka iko na mabawa, inatafuta nini ku gare?" Guylain alitaka kurekebisha, lakini wachezaji wa nchi za mbali walimkataza, kwa kuwa kambi hiyo ndiyo waliyoipenda zaidi.

Tarehe 8 Juni 2019 alifunga ndoa kanisani na Chancelvie Kabamba. Mungu akawapa binti, Talitha.

Mama Suzanne peke yake hakucheka. Joka alilolijua ni lile la kitabu cha Ufunuo, na kwa miaka mingi aliogopa kwamba mwanawe amejiuza kwa shetani. Alimpikia, alimwosha, lakini kompyuta ikiwaka alitoka chumbani. Hofu hiyo ilimla Mama kuliko ugonjwa wenyewe wa mwanawe.

Mwezi Mei mwaka huu maumivu yalizidi. Siku moja Guylain alimwomba mama yake akae, aone kazi yake ya majoka imekwisha.

"Hii njo ile nyoka ya Biblia?" Mama akauliza.

"Hapana, mama. Hii inasikiaka muntu. Bila muntu juu, hairuke."

"Na muntu akigonjwa?"

"Inashuka polepole. Haimuangushe."

Mama akapiga ishara ya msalaba mbele ya kioo cha kompyuta. "Basi, mutoto yangu. Iko muzuri." Kuanzia hapo alikaa naye kila jioni, hata akawa na joka lake la Kisale analolishangilia.

Guylain alifariki tarehe 2 Juni 2025, amelala, mkono wake mkononi mwa mama. Familia inalia, na wala haioni aibu kusema kwamba imepumua: maumivu yamekwisha, na hofu ya Mama ilitangulia kuzikwa.

Ameacha mke, binti, wazazi, dada yake Mira na majoka yanayoruka hadi leo.

Mama Suzanne aliomba neno la mwisho liwe lake: "Ashuke polepole, apumuzike. Amefika."