Jina la Lyle Haugen Nyuma ya Runinga za Watu

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, fundi Lyle Haugen anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kurekebisha rangi na mwanga wa runinga katika nyumba za watu wa mji wa Duluth, Marekani. Meneja wa duka letu la runinga ameniomba niandike maneno ya furaha ya kumuaga. Nitajitahidi, lakini nina hasira.

Lyle alianza kama mpakuzi wa mizigo ghalani, akajifundisha mwenyewe kutumia kipima mwanga. Wateja walimjua kwa shati jeusi, alilolivaa ili kifua chake kisirudishe mwanga kwenye kioo. Alikuwa akifunga mapazia, anawasha runinga, kisha anasubiri dakika arobaini na tano ipate joto kabla ya kupima chochote. Muda wote huo alikunywa kahawa ya mwenye nyumba na kumaliza biskuti zake. Bibi mmoja alimuuliza kama amekuja kupima runinga au kabati la jikoni.

Mwaka jana meneja aliamua kwamba kusubiri ni uvivu. Akatuagiza sisi tunaofunga runinga majumbani, bila Lyle kujua, turekebishe kwa macho, dakika kumi tu, halafu tubandike nyuma stika isemayo: "Imepimwa na L. Haugen." Haikupimwa na mtu yeyote. Ule ulikuwa uongo mtupu.

Lyle aligundua mwezi Februari, mteja wetu Bi Thorvald alipompigia simu. "Lyle, mbona mtangazaji wa habari ana uso wa karoti? Kwani macho yamekuishia?" Alikwenda na kipima chake, akasoma namba, akalikuta jina lake nyuma ya runinga ambayo hakuwahi kuigusa. Alirudi dukani moja kwa moja.

"Nani kabandika jina langu?"

Meneja akajifanya anasoma simu. Lyle akanigeukia mimi. Nikamwambia, "Sijui, bwana."

Hakugomba. Aliomba orodha ya nyumba zote thelathini na nane zenye stika ile, na kila Jumamosi, theluji au mvua, alikwenda kupima upya na kuomba radhi kwa kosa lisilo lake. Wateja wawili walimfungia mlango usoni. Mmoja, akiwa na wajukuu zake mwenyewe, alimwita tapeli mbele yao. Tapeli, Lyle! Mtu ambaye hakuwahi kutia sahihi kazi kabla hajaipima mara mbili!

Nyumba ya mwisho aliimaliza Jumamosi iliyopita. Meneja alitaka niandike hapa kwamba runinga zile zilikuwa na hitilafu ya kiwandani. Siandiki.

Asante, Lyle, kwa kazi safi na kwa uvumilivu ambao hatukustahili. Nakuombea afya, usingizi mzuri na samaki wengi ziwani. Nilikudanganya siku ile. Stika zote thelathini na nane nilizibandika mimi.

Darlene Kowalczyk, idara ya ufungaji