Mungu Aliyelinyoosha Goti Langu

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Bwana asifiwe tena! Wazee wangu, shikamooni. Vijana wenzangu, nawasalimu katika jina la Yesu. Mimi ni Paskalina wa hapa hapa Rhotia, binti wa yule mama mwenye kitenge cha kijani pale nyuma, ambaye tayari ameanza kulia. Mama, subiri kwanza, hata sijafika popote!

Ndugu zangu, nimesimama mbele yenu kwa miguu yangu miwili. Kwenu ni jambo dogo. Kwangu ni muujiza.

Nilizaliwa napenda kukimbia. Vilima vyetu mnavijua. Ukitumwa mashineni na mahindi unashuka na kupanda mpaka unajiuliza kijiji hiki kiliwekwa huku na nani. Mimi nilikuwa naimba njia nzima. Nilipoingia sekondari, mwalimu wetu wa michezo aliniona, akasema, “Huyu simwachi.” Akanifundisha, na kweli nikaiva. Niliwashinda wasichana wa Karatu mjini. Niliwashinda hata wasichana wa Arash, ambao wamekulia nyuma ya ng’ombe na hawajui kuchoka! Mwalimu akatuambia kwamba kwenye mashindano ya mkoa watakuja watu wa shule moja kubwa, wanaochagua wanamichezo na kuwasomesha. Baba yangu alishalala katika Bwana. Mama alikuwa analima peke yake. Ndugu zangu, mlango ule tuliuombea kwa machozi.

Basi, siku moja mvua ilikuwa imenyesha, tukawa tunafanya mazoezi kwenye ule mteremko wa udongo mwekundu. Mguu ukateleza ukaingia kwenye mfereji uliochimbwa na maji, goti likapinda kwa ndani. Nilisikia kitu kimechanika. Nikaanguka nikapiga kelele. Mwalimu akaja, akalishika, akasema, “Ni mshtuko tu. Kimbia taratibu, litalegea lenyewe.” Nikamwamini, ni mwalimu wangu. Kesho yake nikakimbia, goti likaniacha katikati ya uwanja. Wenzangu wakanibeba kama gunia.

Goti likavimba kama boga. Akaitwa mkandaji, akalikanda kwa mafuta ya moto na kulivuta, nikazimia. Na maneno yakaanza! Wengine walisema nimefungwa mguu na watu wenye wivu. Akatumwa mtu kwa mama: kuna mganga ng’ambo ya kilima, apelekewe mbuzi mweusi, atalifungua. Mama yangu hana maneno mengi. Alimjibu hivi: “Mbuzi ninaye. Lakini mtoto huyu nilimkabidhi kwa Yesu siku ya ubatizo, na sijamchukua tena.” Akaita bodaboda, akanipakata katikati kama mtoto mchanga, tukaenda hospitali Karatu.

Daktari alinipima, akapiga picha, akasema mfupa ni mzima. Kilichochanika ni kano inayoshika goti upande wa ndani, na haijakatika yote. Akasema, “Hii itapona bila kupasuliwa, ila ukiiharakisha utaiua.” Akanipeleka kwa dada mmoja wa mazoezi ya viungo. Dada yule aliniambia nisikimbie kabisa mpaka yeye mwenyewe aniruhusu. Nikamuuliza habari ya mashindano ya mkoa. Akatikisa kichwa.

Ndugu zangu, mtafikiri hapo ndipo shetani alipomaliza. Hapana! Hapo ndipo alipoanza.

Mashindano yalipokaribia, mwalimu alikuja nyumbani. Mama akampa kiti, akampa chai. Mwalimu akasema kuna sindano ya kuua maumivu, ukichomwa husikii kitu. “Ni mbio moja tu, Paskalina. Wakuone, wakuandike. Ukishapata nafasi, utapumzika utakavyo.” Nikamwangalia mama. Mama akaangalia jembe lililokuwa mlangoni. Nilijua anawaza shule.

Nikaomba niende nje kidogo. Nikakaa kwenye majani ya maharage yaliyopurwa, nikamwambia Mungu, “Baba, mlango ule tulikuomba wewe. Kama ni wako, utaufungaje kwa sababu nimekataa kujiumiza?” Wapendwa, sikusikia sauti. Sikuona malaika. Lakini woga ulinitoka, ukanitoka kabisa, kama mtu aliyevuliwa koti lililolowa! Nikaingia ndani nikichechemea. Nikasema, “Mwalimu, naomba unisamehe. Sitachomwa, na sitakimbia.”

Alisimama. Akaniambia, “Basi utazeekea hapa ukipalilia.” Akaondoka, chai ameiacha. Mama akanivuta kifuani, akasema, “Umejibu kilichokuwa kinanishinda.”

Mashindano yakapita bila mimi. Sitawadanganya, nililia. Nilikuwa nasikia filimbi ya uwanjani nafunika kichwa na shuka. Lakini kila asubuhi nilikaa kizingitini, mama akanifungia mfuko wa maharage kwenye kifundo cha mguu uwe uzito, kama dada wa mazoezi alivyotuelekeza, nikainua mguu, nikashusha. Mama anaimba pambio, mimi nainua. Siku nyingine nilimwambia Mungu nimechoka, kisha nikainua tena. Uvimbe ukashuka. Goti likakunjika. Likanyooka! Mpaka siku ile dada wa mazoezi aliposema, “Haya, simama kwa mguu huo mmoja, uruke.” Nikaruka. “Ruka tena.” Nikaruka tena! Akapiga makofi, akasema, “Nenda kakimbie, taratibu.” Nililia kwenye korido ya hospitali mpaka wagonjwa wakadhani nimefiwa!

Msimu uliofuata nilisimama kwenye mstari wa kuanzia katika uwanja wa mkoa. Ndugu zangu, mzunguko wa mwisho nilikuwa nyuma ya wasichana wawili. Nikasema, “Bwana, goti ni lako.” Nikafungua hatua. Nikampita wa kwanza. Nikampita wa pili kwenye kona, mguu ule ule, upande ule ule! Nikakata utepe mikono yangu iko juu. Haleluya! Na watu wa ile shule walikuwepo. Leo ninasoma kwao, nimekuja likizo tu kuwashuhudia.

Mwalimu wangu alinifuata pale uwanjani. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, “Ningekuchoma ile sindano, leo nisingekuona hapa.” Kisha alikuja nyumbani akamwomba mama msamaha, na safari hii chai aliimaliza. Siku hizi mwanafunzi akiumia, yeye ndiye anayempeleka hospitali kwanza.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama. Namshukuru daktari na dada yule, maana mikono yao Bwana aliitumia.

Sasa nasema na wewe kijana. Najua mpo humu. Unacheza mpira, unakimbia, mguu unakuuma, umenyamaza kwa sababu unaogopa kupoteza namba. Mtegemee Mungu! Hashindwi kukungojea wakati unapona. Usione aibu mbele ya watu. Inuka ulipo, uje hapa mbele hata kama unachechemea. Mchungaji atakuombea sasa hivi, na kesho asubuhi mimi mwenyewe nitakusindikiza hospitali. Njoo!