Fundi Januarius Salu na Land Rover Aliyoifufua Somanda

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani wa Somanda na ndugu mliotoka Zagayu: wasifu huu unasomwa na Minza, binti wa kwanza wa marehemu. Maneno ni ya mjane wake, Apolonia, naye ameomba usomwe mpaka mwisho bila kurukwa mstari.

Marehemu Januarius Salu alizaliwa tarehe 12 Machi 1946 katika kijiji cha Zagayu, mtoto wa kwanza wa Mzee Salu Masunga na Bi Milembe. Baada yake alizaliwa Method, na wakawa wawili tu. Walikua wakichunga ng'ombe wa baba yao na kulima pamba, kama watoto wengine wa huko.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, akamaliza mwaka 1962. Akiwa bado mdogo, lori la padre lilinasa kwenye tope la mbuga pale Zagayu. Watu wazima wakasukuma hadi wakachoka. Padre alipoinama kuangalia, akaona miguu ya mtoto inachungulia chini ya lori, akapiga kelele. Januarius akatoka mweusi kwa tope, akasalimia vizuri, kisha akauliza, "Padre, gari lina magurudumu manne. Kwa nini yanayozunguka ni mawili?" Padre alicheka mpaka akakaa chini. Hadithi hiyo aliipenda sana, na kila aliyekunywa uji nyumbani kwake aliwahi kuisikia.

Mwaka 1965 aliajiriwa katika gereji ya chama cha ushirika wa pamba hapa Bariadi, akaanza kwa kuosha vyuma, akaishia kuwa fundi mkuu. Gari alilolipenda kuliko yote lilikuwa Land Rover ya mwaka 1961, iliyobeba makarani wa pamba vijijini masika na kiangazi. Hiyo ilikuwa na magurudumu manne yanayozunguka.

Tarehe 3 Oktoba 1970 alifunga ndoa na Apolonia, binti kutoka Sola, Maswa. Hakuwa msemaji. Apolonia anasema siku ya kwanza alipokwenda kujitambulisha kwao alizungumza zaidi na baiskeli ya baba mkwe kuliko na baba mkwe mwenyewe, na jioni alipoondoka baiskeli ilikuwa haipigi tena kelele. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Kisha likaja soko huria. Mwaka 1994 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua pamba, ushirika ukayumba, na gereji ikafungwa. Wenzake waligombea meza na mabati. Yeye aliomba lile gari la Land Rover, ambalo lilikuwa limetupwa nyuma ya gereji, majani yameota ndani na kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Akalivuta kwa ng'ombe hadi nyumbani. Somanda nzima ilitoka kucheka.

Kazi ilichukua miaka mitatu, chini ya turubai, uani kwake. Alikwangua kutu ya chesisi yote kwa mkono. Injini ya petroli ilikuwa imekufa, akatafuta ya dizeli kutoka pikapu iliyopinduka barabara ya Maswa. Injini haikukubali kuungana na giaboksi, kwa hiyo akachonga sahani ya chuma ya kuziunganisha, kwa tupa, akipima, akikosea, akianza upya. Aliongeza majani ya springi ili gari linyanyuke, na bomba la kuvutia hewa akalipandisha hadi usawa wa paa ili lisimeze maji mtoni. Apolonia alishona viti kwa magunia ya pamba. Siku lilipowaka, marehemu alizima, akawasha tena, akazima, akawasha. Mkewe akamwambia, "Baba Minza, litakuchoka." Akajibu, "Mimi sijalichoka."

Mvua kubwa za mwisho wa 1997 zilipokata barabara, gari lile ndilo lililofika Zagayu. Lilibeba wajawazito, lilibeba maiti, lilibeba mahindi. Baadhi yenu mliosimama hapa mlizaliwa, au mmezaa, kwa sababu yake.

Method wakati huo alikuwa wakala wa kampuni moja ya kununua pamba. Wanunuzi walikuwa wengi, na kila mmoja alitaka kumwahi mwenzake. Jumamosi tarehe 20 Juni 1998 alikuja kuomba gari. Marehemu alikuwa amefungua breki za nyuma akisubiri raba mpya kutoka Mwanza.

"Kaka, kesho tu. Wenzangu wataniwahi."

"Halina breki za nyuma. Za mbele zinashika kwa shida. Usiliguse."

Apolonia alikuwa anachambua mboga mlangoni. Aliyasikia maneno hayo yote.

Jumapili familia ilikwenda misani. Waliporudi, turubai lilikuwa chini na gari halipo. Method alilijaza pamba Zagayu kupita kiasi, na juu ya magunia akampakia Nyanjige, mke wa jirani yetu Thomasi, aliyekuwa amekwenda kwao Zagayu na akaomba lifti kuja kumwona mgonjwa hospitali. Kwenye mteremko wa korongo breki zilikataa. Gari lilipinduka. Method aliruka, akavunjika bega. Nyanjige alikufa palepale.

Polisi walipomuuliza, Method alisema kitandani kwake hospitali, "Kaka ndiye aliyenipa. Aliniambia breki nzima."

Marehemu alikuwa amevaa viatu aende kituoni kueleza ukweli, mama yake alipoingia, ametembea kutoka Zagayu.

"Ng'wanone, mwanangu," Bi Milembe alimwambia, "nimezaa wawili tu. Wako wameshakua. Wa Method wananyonya."

"Mayu, mtu amekufa."

"Najua. Nimetoka kumlilia. Niahidi hutasema."

Marehemu akamgeukia mkewe. "Utaweza?"

"Nikisema siwezi, utabaki?" Apolonia akauliza. Marehemu akaenda kituoni na kusema kwamba gari alilitoa yeye, akijua ni bovu.

Alihukumiwa kifungo cha miaka miwili. Method alikwenda kumwona mara moja tu, akampelekea sabuni.

Alitoka mwaka 2000. Hakuna aliyempelekea gari tena. Wenye magari walisema fundi huyu anaungaunga vyuma, anaua watu. Mabaki ya Land Rover yalikuwa yameuzwa kama chuma chakavu, na hakuuliza yalikwenda wapi. Alitengeneza majembe ya ng'ombe na pampu za visima. Thomasi alikuwa akipita mbele ya uzio wake kila siku bila kusalimia, na ninyi mnajua kwetu kunyimwa salamu ni nini. Marehemu alikuwa akisimama hata hivyo kila Thomasi alipopita, mpaka apotee njiani, ndipo akae. Method alipata gari lake mwenyewe. Alilipeleka kwa fundi mwingine. Watu walipomuuliza sababu, alisema, "Kaka yangu mikono yake siiamini tena." Maneno hayo yalifika uani Somanda siku hiyohiyo.

Marehemu alitoka gerezani na kikohozi ambacho hakikumwacha. Alitibiwa, akapata nafuu, akaanguka tena. Bi Milembe alifariki Agosti 2003, naye akamzika mama yake akiwa ameshikiliwa mikono. Mwezi uliopita Apolonia alimwambia, "Mayu ameondoka. Sasa tuseme."

Akasema, "Mimi mdomo wangu niliufunga kwa ahadi. Nikifa, semeni ninyi. Lakini Thomasi asikie kwanza, asisikie kaburini mbele ya watu."

Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 9 Novemba 2004, akiwa na miaka hamsini na minane.

Jumatano Apolonia alikwenda kwa Thomasi, akamweleza. Thomasi alisikiliza mpaka mwisho. Alisema, "Miaka yote hiyo alikuwa anasimama. Nilidhani ananiogopa." Akaingia ndani, akafunga mlango. Leo hatujamwona, na hatumlaumu.

Kuna ndugu waliotuomba tusiseme haya, eti marehemu hasemwi kwa ugomvi. Hatumsemi kwa ugomvi. Miaka sita jina la muuaji lilibandikwa kwa mtu aliyesema "usiliguse", na wengi waliolibandika wamekuja kula msiba wake. Kuleni. Lakini mle mkijua.

Marehemu ameacha mjane, Apolonia, watoto watatu, Minza, Josia na Veronica, wajukuu wanne, na mdogo wake wa tumbo moja, Method Salu, ambaye tunamwona amesimama pale nyuma. Udongo wa kwanza kwa desturi ni wake kama ndugu wa damu. Mjane ameomba utupwe na Josia.

Januarius, pumzika. Ulichoahidi ulikitimiza.